Ng'ombe wa Kalamu

Ndihokubwayo amechora ng'ombe zaidi ya mia katika mji wa Kigali, na karibu wote wamesimama juu ya neno BOUCHERIE. Ndiyo kazi yake, kuchora kuta za mabucha, kuanzia Gatsata anakokaa mpaka Kanombe kule kwenye uwanja wa ndege. Ng'ombe wa bucha humchukua saa mbili: rangi nyeupe, rangi nyeusi, macho mawili na tabasamu. Kwa nini ng'ombe atabasamu mlangoni pa bucha, hilo waulizeni wenye mabucha. Yeye anasema bila tabasamu kazi inarudishwa.

Lakini hiyo ni kazi ya kuleta chumvi nyumbani. Jambo lenyewe liko mezani kwake, karibu na dirisha, pale anapokaa na penseli zake. Huko anachora manyoya.

Msicheke. Watu hudhani ni mchezo wa mtoto, kukwaruza karatasi mpaka iwe nyeusi. Kwanza Kiswahili chenyewe kimetuonea hapa, maana kuku ana manyoya na ng'ombe ana manyoya, neno ni hilo hilo, tumemaliza. Penseli haikubali uvivu huo. Unyoya wa kuku una uti katikati, na pande zote mbili kuna vijinyuzi vimeshikana. Ukikosea mwelekeo wa vijinyuzi, umechora jani la mgomba. Unywele wa ng'ombe nao unalala, na unalala kwa kufuata mfupa ulio chini yake: begani unashuka, shingoni unageuka, tumboni unakutana na wenzake waliotoka upande mwingine na kuanza kugombana nao. Ndiho, ndivyo wanavyomwita wote waliochoka kulimaliza jina, huchora unywele mmoja mmoja. Ule mweupe huupata kwa bic iliyokauka wino: anakandamiza karatasi tupu, halafu anapitisha penseli juu yake, na pale palipobonyea panabaki peupe. Ndevu za mbuzi wake zimetoka hivyo. Mbuzi huyo alimchukua wiki tano.

"Ng'ombe za watu zinatoa maziwa," mkewe Athanasie husema, akifuta meza. "Za kwangu zinatoa vumbi ya penseli."

Ndiho hakukasirika kwa hilo. Lililomuuma lilikuwa jingine. Hapa kwetu mtu akipewa ng'ombe, huapa kwa jina la aliyempa. Akijikwaa, akishtuka, akitaka aaminiwe, anasema: "Yampaye inka fulani!" Yaani, fulani alinipa ng'ombe. Mwingine humtaja baba yake, mwingine mjomba, mwingine rafiki. Ndiho alikulia Burundi, ukimbizini, kwa baba ambaye hakuwa na hata kuku wa kumtolea mgeni. Akarudi nyumbani na wenzake, akaoa, akazaa, akapata wajukuu, na katika miaka sitini na moja hakuwahi kupewa ng'ombe wala kumpa mtu. Wenzake wakijikwaa huita majina ya watu. Yeye husema, "Aai."

Basi, macho. Ilianza na mbuzi wa pili, ambaye alitoka kama blanketi. Kisha kuku akatoka kama mto. Ndiho akalaumu penseli, akalaumu karatasi, akamlaumu Athanasie kwa kukaa mbele ya dirisha. Siku alipomchorea mtu ng'ombe mwenye mikia miwili, Athanasie akamshika mkono, akampeleka kwa daktari wa macho, naye daktari akatazama na kusema ni mtoto wa jicho.

"Ngapi?" Ndiho akauliza.

"Wawili. Kila jicho na wake."

Daktari huyo aliitwa Kabera, mtu mrefu, mpole, aliyekulia Tanzania upande wa Karagwe na ambaye mpaka leo akihesabu anahesabu kwa Kiswahili. Alimpasua jicho la kulia, akangoja, akampasua la kushoto. Na kwa kuwa Ndiho ni mtu asiyejua kutulia, kila alipomsafisha alimsimulia habari ili asicheze. Habari zake zote zilikuwa za ng'ombe mmoja.

"Alikuwa Bihogo," Kabera akasema, na Bihogo ni jina la ng'ombe mwekundu, ule wekundu wa kukolea. "Ng'ombe wote wa baba yangu, manyoya ya paji yalizunguka kwenda kulia, kama maji yanapotoka kwenye beseni. Yeye peke yake yalizunguka kwenda kushoto. Nikimkuna pale alikuwa anafumba macho. Usicheze."

"Masikio yake," Ndiho akauliza, macho yamefungwa bandeji, "manyoya ya ndani iko ndefu ao fupi?"

Kabera akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Marefu. Yametoka nje kidogo."

"Na sikio moja imekatika?"

"La kulia, nchani. Umejuaje?"

"Zote inakatika. Endelea."

Bihogo alikufa kwa ndigana, Kabera akiwa shule ya bweni, na barua ilifika baada ya mwezi. Aliposimulia hilo aliendelea kusafisha.

Siku ya kufunguliwa bandeji ya mwisho, Ndiho alitazama mkono wake mwenyewe, akaona vile vinywele vidogo vya juu ya ngozi. Kabera akamwambia kwamba kwa Kiswahili hivyo huitwa malaika. Ndiho akalia. Tusifichane, alilia kama mtoto, mpaka daktari akamkataza, maana machozi hayafai kwa kidonda. Kisha akaanza kuwahesabu malaika, na Kabera akamwambia aende akawahesabie nyumbani.

Sasa, mtu aliyekurudishia macho humpelekei soda. Wala humwambii asante ukaenda zako. Mtu wa namna hiyo anapewa ng'ombe, hakuna mjadala, na asiyempa atabaki mtu aliyesahau, hata kama kila asubuhi anamkumbuka. Ndiho alijua hivyo. Alijua pia kwamba ng'ombe hana, na mahali pa kumtoa hapajui. Jambo hilo lilimkosesha raha mwaka mzima. Akimwona Kabera kwa mbali mjini, alivuka barabara kwa aibu.

Mpaka siku moja akabandika mezani karatasi yenye upana wa mlango, akachonga penseli kumi na mbili, akamwambia Athanasie asisogeze kiti chake kwa miezi minne.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu ulimi wa Ndiho. Katika ulimi huo L na R ni mapacha, na huitika yeyote aliyefika kwanza. Isitoshe, penseli kwake si penseli. Kwa Kirundi na kwa Kinyarwanda ni ikaramu, na kwa Kiswahili chake ameikata kichwa tu ikawa karamu. Nyinyi mnaosema kalamu mkienda kuandika na karamu mkienda kula, kumbukeni hilo.

Bihogo alipofika kwenye kwato, simu ikalia. Alikuwa Connie, mke wa Kabera, mama mchangamfu aliyekulia Mwanza, ambaye Kinyarwanda anakisema akilazimika tu. Kabera anastaafu, akasema, Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe nyumbani Kanombe, wagonjwa wake wa zamani wanaalikwa, mzee Ndiho aje na mama.

Ndiho akasimama wima, kama mtu anayepokea cheo.

"Mama Connie," akasema, "mimi nitaleta ngombe."

"Nini?"

"Ngombe ya karamu. Ya Muganga."

Connie akakaa kitini. Alimjua Ndiho kama mtu wa mabucha. Kila bucha alilopita lilikuwa na mkono wake. Hakuona ajabu. Aliona Mungu.

"Mzee Ndiho! Ng'ombe mzima?"

"Muzima. Toka pembe mpaka mukia. Hata muguu moja sikukata."

"Jamani! Amenona?"

Ndiho alipenda kusema kweli kuhusu kazi yake. "Tumbo iko sawa. Shingo ndiyo ilinisumbua."

Connie hakuielewa shingo, lakini zawadi haikaguliwi meno. "Umehangaika naye muda gani?"

"Miezi ine. Asubuhi na jioni."

"Na utamletaje, kutoka Gatsata kote huko?"

"Nitatembea naye. Nitamufunga vizuri. Moto sitaki, ataharibika."

Moto, hapa Kigali, ni pikipiki ya kubeba abiria. Kwa mtu wa Mwanza moto ni moto.

"Moto tuachie sisi," Connie akasema kwa furaha. "Wewe mlete tu akiwa hivyo hivyo."

Ndiho akakata simu, akabaki akijiuliza kwa nini wamlipie pikipiki wakati ameshasema haitaki. Lakini watu wakarimu hawana dawa.

Connie hakumwambia mumewe, alitaka ashtuke. Akafuta mbuzi aliokuwa ameagiza. Akamtafuta Gatera, mwenye bucha wa pale Kanombe, akamwomba aje Jumamosi asubuhi na gari lake, ampeleke ng'ombe machinjioni na kurudi na nyama kabla ya saa saba. Gatera, mtu anayefuata taratibu, akatafuta kibali. Kibali kikatoka na muhuri: ng'ombe mmoja.

Jumamosi hiyo Ndiho aliondoka Gatsata saa kumi na moja alfajiri, amevaa koti la harusi yake. Picha ilikuwa ndani ya fremu, fremu ndani ya shuka, shuka limefungwa kamba. Athanasie angefuata baadaye kwa basi. Alisema miguu yake haijastaafu lakini inafikiria. Ndiho akapita Nyabugogo, akapanda, akashuka, akapanda tena, maana Kigali ndivyo ilivyo. Penye mteremko alitanguliza picha, penye mlima akaibeba mgongoni. Polisi mmoja alimsimamisha.

"Umebeba nini, mzee?"

"Ngombe."

Polisi akatazama shuka, akatazama koti, akamruhusu apite.

Alifika Kanombe saa nne na nusu, jasho limemlowesha mpaka viatuni. Getini alimkuta Gatera amevaa aproni na mabuti, ameegemea gari, kamba mkononi. Ndani kulikuwa na mahema mawili na viti vya plastiki, na watu wasiopungua themanini wamekaa wakinusa hewa. Masufuria matatu makubwa yalikuwa juu ya mafiga, maji yanachemka. Watoto wa jirani walikuwa wamekata majani na kuyarundika karibu na ua, kwa heshima ya mgeni.

Connie akaja mbio. "Karibu, karibu sana! Yuko wapi?"

"Ni huyu," Ndiho akasema.

Connie akatazama barabarani nyuma yake. Barabara ilikuwa tupu. Ndiho akaegemeza fremu ukutani, akafungua kamba, akavuta shuka.

Bihogo alisimama ukutani na pembe zake, mwekundu bila rangi nyekundu, kwa penseli tupu. Ungedhani ukipuliza manyoya yatainuka. Inzi alitua kwenye pua yake, akakaa.

Kisha Connie, polepole: "Mzee Ndiho. Ulisema ng'ombe wa karamu."

"Ndiyo, Mama." Ndiho akatia mkono mfukoni, akatoa penseli, akamwonyesha. "Karamu."

Connie akaitazama penseli. Nyuma yake maji yaliendelea kuchemka.

"Basi kibali changu nikirudishe wapi?" Gatera akauliza.

Mtu mmoja hemani akacheka. Wakacheka wawili, kisha hema zima, na lile hema la pili ambalo halikuona kitu likacheka kwa kufuata. Hapo ndipo Ndiho alipoelewa masufuria, na gari, na majani ya watoto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuja kumheshimu mtu, naye amemfedhehesha mbele ya wageni wake wote: ameahidi nyama, ameleta karatasi. Kesho mji mzima utasema Ndihokubwayo alimdhihaki daktari aliyemponya. Akainama, akaokota shuka, akaanza kumfunika ng'ombe wake.

"Usifunike."

Kabera alikuwa ametoka ndani kwa ajili ya kelele, amevaa suti, tai bado haijafungwa. Akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya picha. Akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa kioo chake kidogo cha kukuzia, kile kile alichomtazamia Ndiho macho. Akaanza na sikio la kulia, kwenye ncha iliyokatika. Akaenda kwenye manyoya ya ndani ya sikio, yaliyotoka nje kidogo. Halafu akafika kwenye paji, na hapo akakaa.

Kicheko kikaisha chenyewe.

"Yanazunguka kushoto," Kabera akasema.

"Ulisema kushoto."

"Nilisema lini?"

"Ile siku ulikuwa unaniambia nisicheze."

Kabera akainua kidole, akakisogeza mpaka karibu na karatasi, bila kuigusa, akakuna hewa. Akakuna muda mrefu, mtu mzima, mbele ya watu themanini. Akamgeukia mkewe.

"Connie. Nani amemwita Gatera?"

"Mimi."

"Mwambie huyu hachinjwi."

"Kabera, kuna watu themanini hapa!"

"Wapikie maharage."

Kisha akawageukia wageni, akanyanyua mikono yote miwili juu, imepinda kama pembe, ndivyo anavyofanya mtu aliyepokea ng'ombe, na akapaza sauti: "Yampaye inka Ndihokubwayo!"

Wazee wakasimama. Wale waliocheka wakasimama nao, na wengine waliitikia kwa nguvu kuliko wote, kama kawaida ya waliocheka. Ndiho alibaki ameshika shuka. Akalikunja vizuri, mara nne, ncha kwa ncha.

Walikula maharage, wali na kabichi, na Athanasie alipofika saa saba akauliza nyama iko wapi, akaongezewa kabichi. Majani ya watoto yaliwekwa chini ya picha, maana yalikuwa yameshakatwa. Gatera alikaa mpaka mwisho, akimtazama Bihogo na kutikisa kichwa.

"Huyu umemtendea haki," akamwambia Ndiho. "Wangu wa dukani ana macho ya shemeji yangu."

Baada ya hapo Connie alikuwa akimpigia Ndiho simu mara kwa mara kulalamika. Mumewe amemtundika ng'ombe sebuleni, akasema, badala ya picha ya harusi yao. Akijikwaa zulia anaapa kwa jina la Ndiho. Majirani wanauliza ng'ombe mwenyewe yuko wapi, anawaonyesha ukuta. "Na kila siku amejifungia chumbani, hataki niingie. Nikimuuliza anafanya nini, anasema anahudumia mifugo."

Kuna desturi nyingine sijaitaja. Anayepewa ng'ombe, ng'ombe huyo akizaa, ndama wa kwanza humrudia aliyempa. Tunaita kwitura. Asiyefanya hivyo si muungwana.

Miezi tisa kamili baada ya sherehe, mlango wa Ndiho ukabishwa. Alikuwa Kabera, amevaa suti ile ile, amebeba kitu ndani ya foronya.

"Bihogo amezaa," akasema.

Ndiho akampisha aingie, akapokea foronya kwa mikono miwili, akaenda nayo dirishani, akaifungua.

Alikuwa ndama wa penseli. Miguu minne, hilo lilikuwa wazi, ingawa mmoja ulitoka mahali pake. Uso ulikuwa wa mbwa aliyepata taarifa mbaya. Manyoya yalikuwa yamesimama mwili mzima, kama aliyeshika waya wa umeme, na kila unywele ulichorwa peke yake na mtu ambaye hakujua uende wapi. Lakini kwenye paji karatasi ilikuwa nyembamba, karibu itoboke, kwa kufutwa na kuchorwa, kufutwa na kuchorwa. Manyoya ya hapo yalizunguka kushoto.

Ndiho alitazama muda mrefu. Alijua karatasi inafutwa mara ngapi mpaka iwe hivyo.

"Jike?" akauliza.

"Jike."

"Alizaliwa kwa shida?"

"Wiki saba," Kabera akasema. "Kichwa ndicho kilichokataa kutoka."

Wakanywa chai. Kabera alipoondoka, Ndiho akamteremsha ukutani yule mbuzi wake wa wiki tano, akachukua nyundo na msumari mpya, maana ndama hatundikwi kwenye msumari wa mbuzi. Macho yalikuwa kwa ndama. Nyundo ikakosa msumari, ikapata kidole gumba.

"Yampaye inka Kabera!"

Jikoni mwiko ukaacha kukoroga. Athanasie akatokea mlangoni nao mkononi, unga unadondoka, akatazama kidole, akatazama ndama, akamtazama mumewe.

"Rudia," akasema.

Ndiho akarudia, kwa sauti ya kusikika mpaka Nyabugogo.